Karatasi ya Mlango wa Friji

Baba Mwende wangu,

Bwana asifiwe huko uliko. Najua huko hakuna jua la Ikutha wala betri ya kuisha. Mimi bado niko. Ninakaa kwa Mwende hapa Mwingi, chumba cha nyuma ya duka lake, na lori letu limeegeshwa nje ya dirisha. Nikifungua pazia asubuhi ndilo ninaloona kwanza. Mara nyingine nasahau, nakungoja ushuke na mswaki mdomoni.

Kanisa limepata mwinjilisti mwingine, kijana wa Mbooni, na mke wake anaitwa Ndinda. Jumamosi wanakuja kulichukua lori. Watalala kwa kitanda kile kile ulichopigilia misumari wewe. Watahubiri, na pia watabeba chanjo za watoto mpaka vijiji ambako stima haijafika. Ndinda alikuja juzi kunisalimia. Ana heshima sana. Akanishika mkono akasema, "Mama, nimesikia habari ya ule ujanja wako wa friji. Utanifundisha?"

Nilimwambia chai inachemka, nikakimbilia jikoni. Hapakuwa na chai yoyote motoni.

Baba Mwende, unakumbuka ile friji ya kwanza, ya mafuta ya taa? Haikugusa betri hata kidogo, ndiyo maana uliipenda. Lakini ilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika mtoni, na lori likiinama kidogo tu, inakataa kutoa baridi. Kule milimani Mbooni kila tukisimama uliweka bakuli la maji sakafuni, ukapiga magoti kutazama kama maji yamekaa sawa, halafu ukanituma mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Watu wakipita walidhani unaomba. Ukasema, "Waache. Bila hii friji hata maombi yangu yatakuwa mafupi." Tulicheka, kwa sababu sote tulijua ni kweli. Dawa yako ya sukari ndiyo ilikuwa mle ndani, si maziwa wala soda.

Ikaja ya gesi. Baridi safi, lakini mtungi ulituishia Ikutha, na gesi ilikuwa mpaka Kitui mjini. Muuzaji alikuwa amesema inaweza kutumia betri pia. Tukaiwasha kwa betri, na asubuhi lori halikutoa hata kikohozi. Waumini walitusukuma wakiimba, nawe kwa usukani unaitikia. Woi, siku ile!

Mwishowe ukaleta hii yenye mota ndogo. Ulikaa kando yake siku nzima na saa mkononi, ukisikiza inavyonguruma na kunyamaza. Mbooni kwenye baridi ilipumzika zaidi kuliko ilivyofanya kazi. Ikutha ilinguruma karibu mchana wote. Ukaniambia, "Mama Mwende, hii inakula betri kidogo kuliko ile ya gesi. Lakini jua likiwaka, nayo inapata njaa."

Ndipo mimi, wa darasa la saba, nikafikiria. Injini ikiwa inakimbia, umeme ni mwingi. Basi tukiwa safarini tuzungushe swichi ya baridi ya friji mpaka mwisho, igandishe chupa za maji. Tukisimama tuizime, tuifunike blanketi. Ile barafu itatulinda mpaka kesho na betri itabaki nzima. Na ikawa hivyo! Ulinisimamisha mbele ya kanisa, ukasema mke wako amewazidi mainjinia. Nilitazama viatu vyangu kwa aibu, lakini moyoni nilikuwa naruka. Ukaandika kwa kalamu ile nyekundu, ukabandika kwenye mlango: "Injini ikiwaka, zungusha mpaka mwisho. Injini ikizimwa, zima."

Sasa nisikilize, mume wangu. Hili sijamwambia mtu.

Safari ile ya mwisho kwenda Ikutha, jua lilikuwa kali mno. Niliona pale ilipokaa siku zote, mlangoni mwa friji, dawa haitapata baridi ya kutosha, nikaihamisha, nikailaza juu ya zile chupa za barafu. Asubuhi niliikuta imeganda. Ulikuwa nje unaongea na wazee. Niliifunga kwa leso, nikaibana kwapani mpaka ikayeyuka, nikaitikisa. Ilionekana kama kawaida. Sikutaka uone kwamba ujanja wangu una kasoro. Baba Mwende, ni hilo tu. Nilitaka kubaki yule mke uliyemsifu.

Ukajidunga. Kesho yake ukajidunga. Ukaanza kunywa maji, mtungi baada ya mtungi, na kila mara unatoka nje, nasi tunalaumu jua. Kisha mdomo wako ukawa na harufu ya matunda yaliyooza, na ulipoanguka nilikuita kwa jina lako la utotoni, ukanitazama tu.

Hospitalini muuguzi mmoja mnene aliniuliza kwa upole, "Mama, dawa yake iliwahi kuganda?" Nikasema hapana. Akasema ni vizuri, kwa sababu ikiganda mara moja nguvu yake inaharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Kinywa changu kilikuwa kimeshasema hapana. Siku ya tatu ukaenda.

Naomba kila siku. Mungu najua ananisikia. Wewe sijui, ndiyo maana naandika.

Leo nimepanda kwa lori nikiwa na kisu, nikwangue ile karatasi. Nimeshindwa. Ni mkono wako, ile "z" yako yenye mkia mrefu. Nimekaa kwa kitanda chetu nikalia mpaka Mwende akaja kuniita. Jioni hii, kabla ya Ndinda, nitamwambia Mwende kwanza. Ulikuwa baba yake.

Na Jumamosi sitamfundisha Ndinda ujanja. Nitamwambia ujanja ule ulitufikisha wapi. Friji ibaki na baridi ya kadiri, na wakisimama mahali pa jua, injini ipigwe kidogo mchana betri ijae. Chanjo zisilale juu ya barafu. Nimemwuliza muuguzi wa zahanati, amesema nazo ziko zinazoharibika zikiganda.

Karatasi yako itabaki, ila maneno yake nitayapitishia mistari miwili, na chini yake nitaandika kwa mkono wangu, hata kama si mzuri: "Usizungushe mpaka mwisho. Ikiganda, usifiche. Sema." Halafu nitatia jina langu, wote walijue.

Lala, mpenzi wangu. Nisamehe ukiweza. Tukionana, nitakuwa nimeshasema.

Mama Mwende wako.