Supu ya Mgonjwa

Mkwe wangu,

Maharage yameiva, yaunge tu. Gesi nimefunga. Mjukuu wangu akirudi shule avue sare kwanza, asikuzungushe.

Alfajiri nimekukuta jikoni, umetoka zamu ya usiku, macho mekundu, unampikia supu rafiki yangu mgonjwa. Ukamfungia supu kwenye chupa, pamoja na shuka lako jipya. Nilitaka kukwambia ukweli, nikaishia kusema asante. Ukaenda kulala, nami nikabaki naitazama ile chupa ya supu.

Hakuna mgonjwa, mwanangu. Rafiki zangu huko niendako ni buheri wa afya, wameniita tukacheke siku chache, basi. Lakini nikisema naenda kutembea, mume wako huuliza, “Mama, umri huo unafuata nini?” Nikisema kuna mgonjwa, anakimbilia tiketi mwenyewe! Kwa hiyo lawama tugawane naye.

~~Usimwambie.~~ Mwambie. Nitarudi Jumapili.

Shuka lako nimelirudisha kabatini. Supu iko kwenye friji. Ukiamka ipashe moto, uinywe yote. Wewe umempikia mgonjwa, na mimi sikukuuliza hata kama umekula.

Mama mkwe wako