Udongo Tulioshindwa Kuutukana

Salem, 9 Oktoba 1974

Baba,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila sauti imeniisha! Sisi wa tume ya mipango ya ardhi tunazunguka Oregon nzima, ukumbi hadi ukumbi, tunauliza watu jimbo likue vipi. Malengo yanaandikwa: mashamba mazuri yasimezwe na nyumba, misitu ibaki, watu wapate pa kuishi, kila mwananchi asikilizwe. Kila mwananchi, Baba!

Jana wakubwa wangu wakauliza ukumbi udongo bora uko wapi. Nikasimama! Nikasema upande wetu wa kijito, kwamba wewe huuonja kwa ulimi kabla ya kupanda. Ukumbi ukacheka, halafu makofi. Mchora ramani akapaka shamba letu lote kijani. Kijani ni kulima tu, hakuna kukata viwanja.

Binti yako,
Dagny


Shambani, 2 Machi 1975

Dagny mwanangu,

Nakusalimu. Goti linalalamika, mimi sina neno. Unajua kaka yako Arvid na mkewe Lorna walishapiga vigingi vya nyumba pale kwenye kona ya kijito, na mtoto anakuja Juni. Juzi kaunti imewakatalia. Eti udongo wa daraja la juu haukatwi viwanja. Arvid akauliza, "Nani kawaambia ni wa juu?" Karani akacheka: "Si dada yako, yule binti wa mzee anayeramba udongo!"

Tangu hapo Arvid hali mezani na mimi. Kasema tu, "Muulize dada, huyo mama mipango, lile lengo la watu kupata pa kuishi limeishia wapi?" Kuna kikao cha rufaa. Anataka uje useme kona ile ni tope tupu.

Baba yako


Salem, 6 Machi 1975

Baba,

Natumai umeamka salama. Mimi silali. Nilitaka kujisifia kwetu, basi, nikamfungia kaka yangu mlango! Na lile lengo analouliza Arvid bado naliamini, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini nitakuja. Nitasema ni tope, wanifukuze kazi wakitaka. Nitajie siku tu. Arvid asing'oe vigingi!

Binti yako,
Dagny


Shambani, 15 Juni 1975

Mwanangu,

Hujambo? Umeniandikia mara tatu unauliza siku ya kikao. Kilikwisha Aprili. Nilikuficha. Sikutaka nikuone umesimama mbele ya watu unadanganya kwa ajili yetu. Nikaenda mimi.

Arvid alinifundisha njia nzima: "Baba, neno moja tu. Tope." Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, udongo wa kona ile ukoje?" Nikafungua mdomo. Dagny, nimelima pale na mama yako. Nikasema, "Hakuna kama ule bonde zima."

Arvid hakunigombeza. Alinifungulia mlango wa gari, akanishika mkono kwa sababu ya goti. Jumamosi iliyofuata wakahamia jimbo la Idaho. Mtoto kazaliwa, wa kike. Nimeambiwa na jirani.

Kwa hiyo acha kujilaumu peke yako. Kwenye vile vigingi nimepanda stroberi, nikiomba zife, angalau nimwandikie kaka yako kwamba nilikosea.

Zimeshika zote.

Baba yako