Marta na Kesho Iliyopita

Anjela, Devotha amerudi kutoka shule, kajitupa kwenye kochi, hata viatu hajavua.

Leo mwalimu mkuu aliingia darasa la pili, analofundisha Devotha. Watoto wakasoma hadithi: mama yake Frida kaenda kutafuta kazi Mgololo, Frida analia. Devotha akauliza, "Kwa nini Frida analia?"

Marta, yule asiyejua kusoma bado, akasema, "Mama alisema atarudi kesho. Kesho imeshapita."

Imeshapita, Anjela. Mama yake Marta mwenyewe aliondoka Pasaka.

Mkuu akasema, "Hiyo haimo kwenye hadithi."

Devotha akamjibu mbele ya watoto, "Imo, mwalimu. Marta peke yake ndiye aliyeielewa."

Kesho anaitwa ofisini. Anasema hajutii, ila nisimuulize kitu, nimpe chai tu.