Wigi la Anti Triza

Ayuma, uko? Nimetoka sebuleni saa hii nikuambie kitu.

Unaikumbuka ile picha ya mathe, ya Halloween ya '98 kwa ukumbi wa mtaa? Watu walivaa kama wasanii wa majalada ya kaseti, na yeye alikuwa yule mwimbaji wa nywele hadi kiunoni. Kumbe lile wigi alishonewa na Anti Triza, beste yake, kwa mikia ya ng'ombe. MIKIA, Ayuma. Kutoka kichinjioni.

Kwao Bungoma, mkia wa kutengeneza usinga hutiwa chumvi ukaanikwa juu ya moshi wa jikoni wiki kadhaa. Triza alikuwa na chumba kimoja na stovu ya mafuta taa. Akaifunga mikia yake mibichi kwenye karatasi ya nailoni, akaisukuma chini ya kitanda.

Siku yenyewe akamvisha mathe, akampulizia manukato, akamwambia tu, "Wanza, usiiname sana." Mathe akadhani ni mambo ya urembo.

Alicheza, akashangiliwa, akashinda. Zawadi ilikuwa sahani ya pilau. Akaiinamia kwa raha zake. Nusu sahani, Ayuma! Ndipo akaona mchele unatembea.

Funza.

Miaka yote hii mathe amemlaani mpishi. Hata kwa harusi yake hakugusa pilau.

Leo Triza anakunywa chai yetu, anasimulia hiyo mikia, anacheka hadi machozi: "Lakini si nilikuambia usiiname?"

Mathe akaweka kikombe chini polepole.

"Kumbe uliwaona."