Siku Gurudumu Liliposimama Juu

Numbi, mwanangu,

Simu yetu ya asubuhi imekatika, na mume wako ameniandikia kwamba umelala, nisipige tena mpaka jioni. Basi nimekaa hapa mlangoni kwetu Kapata, na kwa kuwa siwezi kuongea nawe, nakuandikia. Baba yako ameenda misa. Amesema anaenda kushukuru kwa niaba yetu sote, mimi nibaki nimalize kulia.

Tangu jana, uchungu ulipokuzidi na waganga wa hospitali ya huko Kalemie wakasema lazima wakupasue, kitu kimoja tu kilikuwa kinanijia kichwani. Si ndoa yako, wala siku uliyopata diploma. Ni ile safari yetu ya Lubumbashi, mimi na wewe na kikapu cha soko.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako Astride alikuwa ameshazikwa, na mimi, mshonaji kutoka Likasi, nilikuwa nimeletwa nyumbani kwenu kuwa mke wa baba yako. Hukuwahi kunikosea heshima, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Uliniamkia "Bonjour, Madame," ukapokea sahani, ukasema "Merci, Madame," ukala ukiangalia mlango. Mtoto anayekujibu vibaya unaweza kumgombeza, kisha mkapatana. Wewe ulinipokea kila siku kama mgeni ambaye hatakawia kuondoka.

Jumamosi ile baba yako alikuwa kazini Kingamyambo, kwenye yale mabaki ya madini wanayoyasafisha upya. Sisi tukapanda pikipiki ya taxi-moto kwenda soko la Manika kununua samaki na unga wa bukari. Ulikaa katikati yangu na dereva, umemshika yeye kwa nguvu ili usiniegemee mimi. Tuliposhuka, basi la Lubumbashi lilikuwa limewasha injini, na mpakiaji anaita kwamba zimebaki nafasi mbili. Juma lile nilikuwa nimekusikia ukimuuliza jirani kama ni kweli kule kuna bustani ya michezo yenye gurudumu linalopandisha watu juu kuliko nyumba. Ulimuuliza yeye, hukuniuliza mimi.

Mpaka leo sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Numbi, twende?"

Ukaangalia miguu yako. "Na hizi sandales, Madame?"

"Na hizo hizo."

Tukapanda na kikapu kitupu. Tulipokaribia Likasi ndipo nilipompigia baba yako. Akauliza nani atampikia, na kabla sijajibu akaanza kucheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Tulilala kwa dada yangu anayekaa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, akakuazima gauni la binti yake, refu mno, ukalifunga kiunoni kwa kamba.

Kesho yake kule bustanini ulipanda vigari vya umeme vile vya kugongana, ukagongwa huku na huku bila kufungua mdomo. Watoto wenzako walikuwa wanapiga kelele. Wewe ulikuwa umekaa kama uko kanisani. Nikajiambia, Régine, umepoteza bure posho ya nyumba. Lakini ulikuwa unaliangalia gurudumu. Na yule aliyekuwa akilisimamia akatwambia mtoto hapandi peke yake.

Unajua mimi hata juu ya kiti sipandi kubadilisha taa. Nilipanda.

Tulipofika juu kabisa, umeme ukakatika. Kiti kikayumba, muziki ukanyamaza, na kutoka chini tukamsikia mtu akisema tungoje, wanatafuta mafuta ya jenereta. Nilifumba macho, nikakamata chuma, nikaanza Salamu Maria na kuimalizia kwa Baba Yetu. Ndipo nikasikia mkono wako juu ya wangu.

"Hapana kuangalia chini, Madame. Angalia mbali, kule kwa kile kilima ya mweusi."

Nikafumbua macho, nikakiangalia kile kilima cha taka za shaba. Hukuuondoa mkono. Halafu, bila kuulizwa, ukasema polepole:

"Mi siko nakukasirikia. Niko naogopa tu. Kama nakuzoea wee, sauti ya mama itatoka mu kichwa yangu."

Nikakuomba unisikilizishe alivyokuwa anaongea mama yako. Ukanyoosha mgongo, na kwa sauti nzito, yenye kukwaruza kidogo, ukaita:

"Numbi we! Bukari iko inapoa, na hapa haiko restaurant!"

Watu wa kiti cha chini yetu wakainua vichwa. Wewe ndiye uliyeanza kucheka. Halafu hukukoma: ukamwigiza akimgombeza baba yako juu ya viatu vya matope, akiimba huku anachekecha unga, akibishana na muuza mkaa. Jenereta lilipowaka na gurudumu likaanza kutushusha, nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na mzigo niliokuwa nao kifuani tangu harusi sikuusikia tena.

Ndani ya basi la kurudi ulilala begani kwangu. Uliendelea kuniita Madame, sikujali. Baadaye, siku ambayo hata sikuitambua, ikawa Mama Régine. Na jioni nyingine pale jikoni ulikuwa unaileta ile sauti. Mwanzoni baba yako alikuwa anatoka nje. Mwishowe akawa anabaki na kukusahihisha: hapana, hilo neno alikuwa analivuta zaidi.

Leo asubuhi simu ilipolia niliogopa kuipokea. Nikakusikia wewe mwenyewe, sauti imechoka, unasema, "Tuko wazima wote mbili, Mama. Ni mutoto mwanamuke." Kisha ukaniambia unataka kumwita Astride, lakini umengoja uniulize kwanza, usije ukaniumiza.

Mtandao ulikatika kabla sijajibu, kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwite Astride. Kwa miaka yote hii nimekaa na mama yako kupitia mdomo wako tu, nikampenda, na sikuwahi kupata namna ya kumshukuru kwa kunizalia binti. Sasa atakuja mwenye jina lake, nami nitamwogesha, nitamlisha uji, nitambeba mgongoni.

Lala, mwanangu. Usiinue kitu kizito, kidonda kikauke. Tunakuja, baba yako na mimi, mara tu watakapompa ruhusa kazini.

Ni mimi, mama yako wa Kapata,
Régine