Bamba la Springi

Jumatatu, 2 Machi 1953
Nafua majembe ya watu wa Kaisho tangu asubuhi. Mvukuto umetoboka, nimeushona kwa ngozi ya mbuzi. Mvua tupu.
Mke wangu Eudosia hajaamka. Tumbo limevimba upande wa kulia, ukiligusa analia. Tabibu wa zahanati anasema akapasuliwe Bukoba, upesi. Hapa Nkwenda lori ni moja tu, la Mzee Abdallah mwenye duka. Nalo liko juu ya mawe, springi imekatika. Naogopa.

Jumanne, 3 Machi
Nimekwenda dukani. Shikamoo, marahaba. Mzee anasema springi mpya itachelewa sana. Akaniuliza, "Wewe fundi mzima, huwezi?"
Nimesema naweza. Nimefungua bamba moja la springi kwenye gari bovu nyuma ya duka, nilifue litoshe lori. Eudosia amekunywa uji kidogo, akautapika.

Jumatano, 4 Machi
Kazi kutwa. Dereva wa lori, Petro, aliyekuwa karakana ya jeshi wakati wa vita, amekaa nami. Anasema chuma kinapinda kwa sababu ndani yake kuna tabaka zinazoteleza. Ukizizuia, kinakuwa kigumu. Ukizizuia mno, hakipindi tena, kinakatika. Nilimcheka. Mzungu gani aliingia ndani ya chuma akaona?
Lakini nilifuata. Moto, maji, kisha moto mdogo wa kulilegeza mpaka likawa na rangi ya buluu. Tumelipinda, likarudi lenyewe. Safi!
Petro akaenda kula. Nikaligonga likiwa baridi, ukingo wote. Kwetu jembe halitoki kwa mhunzi bila kugongwa baridi, ndipo hushika makali. Baba alifanya hivyo, na babu. Nilitaka liwe gumu zaidi.

Alhamisi, 5 Machi
Tumelifunga. Lori limesimama sawa. Mzee Abdallah amenipa mkono mbele ya watu. Eudosia ana homa kali, hanitambui vizuri. Kesho safari.

Ijumaa, 6 Machi
Bamba limekatika mlimani, kabla ya Nyakasimbi.
Petro ameniletea vipande. Penye alama ya nyundo yangu pana ufa wa tangu juzi, mweusi kwa tope na kutu. Kwingine kunang'aa, kumevunjika leo. Akaniuliza, "Uliligonga baridi?" Nikaviweka vipande chini. Naye hakuuliza tena.
Tumembeba Eudosia kwa machela kwenye matope. Watu wema, wamepokezana bila kuitwa.

Jumamosi, 7 Machi
Amefariki asubuhi, nyumbani kwa katekista. Bukoba mbali bado.
Chuma kile kilikuwa tayari. Kilikuwa kizuri. Mimi ndiye niliyekiharibu.

Jumatano, 11 Machi
Tumekwisha kuzika. Wote wanasema ni barabara, ni mvua, ni mapenzi ya Mungu. Petro hasemi kitu. Afadhali angesema.
Leo mama mkwe amezungumza nami kwa mara ya kwanza, yeye nyuma ya mlango, mimi uani, kama desturi inavyotaka. Amenishukuru kwa kumhangaikia binti yake. Akasema mwanamume mwingine angekaa tu kungoja.
Kisha akauliza kama Eudosia alisema neno njiani. Nimemwambia, "Alikutaja wewe, mama."
Si kweli. Aliuliza mbona tumesimama.
Nimemsikia analia kwa furaha. Mvua imeanza tena, nimeingia ndani.