Bolti Kwenye Tundu la Kwanza

Kibara, Bunda
Jumapili, baada ya misa

Kwako mdogo wangu Ursula,

Nakusalimu hapo Butiama, wewe na goti lako linalojua mvua kuliko redio. Mimi nipo. Meno yamebaki sita na bado yanagombana. Utashangaa barua wakati simu ipo. Simu ungenikatia katikati. Hii imalize, hata kama unanitukana.

Huku sato wamekuwa wadogo na wanakwaya wamezidisha sauti. Yule mzee aliyekuwaga anaunda mitumbwi ya mashindano, yaani mimi, siku hizi anaunda mabenchi ya kanisa. Watu wanayakalia bila hata asante.

Binti yako Hilda ameniambia mwanao Gasper bado hatoki chumbani tangu tumzike rafiki yake Elias, na kwamba amechoma madaftari yote ya chuo. Anasema hesabu zake ndizo zilizomuua mwenzake aliyekaa kando yake garini.

Unakumbuka alikuja kwangu nimtengenezee bawa la nyuma la gari lile la mbio. Nilimuuliza kama gari ni kuku. Akacheka, akanieleza taratibu kwamba upepo unalikandamiza bawa, na bawa linakandamiza magurudumu ya nyuma yashike lami. Penye kona nyingi unaweka bawa pana, lililosimama. Lakini barabara ya mbio zao ni nyoofu, bawa la hivyo lingekula mwendo. Akataka jembamba, ubao mmoja badala ya mbili, tena lilazwe. Kwenye mabati ya pembeni tukatoboa matundu matatu: la kwanza linalilaza kabisa, la tatu linalisimamisha. Akafunga bolti tundu la pili. Alisema kabla ya Butiama ipo kona moja, na hiyo moja inataka heshima yake.

Nikamwambia amerithi woga wa mama yake. Mtumbwi ukikandamizwa nyuma hauendi, hilo nalijua tangu sijaota ndevu, na darasa la nne sikulimaliza. Akasema gari siyo mtumbwi, mjomba. Tukaachia hapo.

Ursula, mimi sikuachia hapo. Asubuhi ya mbio, yeye na Elias walipokwenda kuvaa kofia zao, nilihamisha bolti zote mbili nikazifunga tundu la kwanza. Nilitaka ashinde, halafu nimcheke mbele ya watu. Kwenye ule unyoofu alikimbia mpaka nikarusha kofia yangu. Alipofika kwenye kona, nyuma ya gari haikushika kitu. Ilizunguka ikamtangulia yeye mwenyewe, na upande uliogonga mti ni wa Elias.

Bawa lilivunjika vipande vipande, kwa hiyo hakuna aliyejua. Bati moja la pembeni nililiokota mimi nikaliingiza ndani ya koti. Miezi minne nimelilalia, liko chini ya kitanda.

Ninalituma pamoja na barua hii. Usilegeze bolti, bado imekaza tundu la kwanza. Mpe Gasper alishike mwenyewe. Tundu la pili alilizungushia rangi nyekundu kwa mkono wake, nalo ataliona tupu.

Kesho nakwenda Kamunyonge kwa mama yake Elias. Tangu jana natafuta neno la kuanzia, na mimi unanijua, sijawahi kukosa neno.

Msalimie Hilda. Gasper naye msalimie, akikubali. Goti lako lipe pole.

Ni mimi kaka yako,
Baltazar